Maua Yasiyotoka Getini

Kwa miaka kumi na saba mwanamke huyu alilipwa kwa kutafuta ubaya. Usidhani namsengenya, ndiyo kazi yenyewe. Alisimama kwenye meza ndefu ya bati ndani ya banda la baridi, katika shamba linalolima mawaridi ya kupelekwa ng'ambo, na maua yakampitia mbele, shina baada ya shina. Zuri aliliweka kulia. Baya aliliinua kwenye mwanga wa taa, akaligeuza, akaandika kwenye karatasi lina nini: shingo imepinda, petali imechanika, lina doa, limefunguka kabla ya wakati wake. Kisha akachukua mkasi, akalikata kichwa, likaangukia ndooni.

Hilo la kukata kichwa lilikuwa sharti kubwa kuliko yote. Ua lenye kasoro likiachwa zima, alisema msimamizi wa banda, atatokea mjanja alirudishe kwenye mazuri, au alitoe nje akaliuze, na jina la shamba liharibike. Kwa hiyo getini hapakutoka ua mkononi mwa mtu, liwe zuri, liwe bovu. Mlinzi wa geti, mama mmoja mnene mwenye mikono myepesi, aliwapekua wote bila kujali sura ya mtu. Wenzake bandani walimbandika huyu wetu jina la Bi Kasoro, kwa kuwa hakuna doa lililompita, na jina likamganda hadi nyumbani. Mumewe, seremala asiye na maneno mengi, alilitumia akitaka kumchokoza. Wifi yake, dada wa huyo seremala, fundi cherehani aliyekuwa akiishi nao, hakuhitaji sababu yoyote. Alilitumia tu.

Habari ya kuchora ilianzia kwa mama yake mzazi. Miguu ilimkataa yule mama, ikabidi aletwe kwa binti, akawekewa kitanda sebuleni karibu na dirisha. Mama ambaye maisha yake yote hakukaa kitako, leo analala kutwa akihesabu misumari ya dari. Siku moja akasema, "Wewe mwanangu unashinda na maua, na mimi sijaona hata moja. Hebu niambie, yakoje?"

"Ni mekundu, mama."

"Hata nyanya ni nyekundu."

Bi Kasoro akajaribu tena. Akaeleza petali zinavyojikunja, zilivyopangana, akapapasa hewa kwa mikono, wapi! Mama alimtazama kwa huruma kama anayemsikiliza mtu mwenye homa. Ilimchoma. Unafanya kazi miaka, mikono inakuuma kwa baridi, halafu huwezi kumweleza mama yako unachokishika!

Ua halikutoka getini, lakini maboksi yaliyochanika yalitoka, kwa kuwa hata hivyo yalikuwa ya kuchomwa moto. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, akachukua upande wa boksi na ile kalamu yake ya kuandikia kasoro, akachora ua alilokuwa amelikata asubuhi. Mbona la kasoro na si zuri? Kwa sababu zuri hupita. Unalitupia jicho mara moja, limeshakwenda kulia. La kasoro ndilo unalolishika, unaligeuza, unalijua kama unavyomjua jirani mkorofi. Jioni, mlinzi alilipindua lile boksi akalitazama.

"Hii nini?"

"Ua."

"Ua? Hii kabichi." Akamrudishia. "Pita. Kabichi ruksa."

Mama alilishika boksi kwa mikono miwili, akalisogeza dirishani, akakunja uso. "Lina nini hili?" akauliza. Bi Kasoro alikuwa na jibu mdomoni, shingo imepinda, kasoro namba mbili. Akalimeza. "Tafuta mwenyewe, mama." Mama akatafuta. Akatafuta mpaka chai ikapoa. Mwishowe akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu aletwe. "Limenuna!" akasema. "Tazama linavyoinamisha kichwa. Nani kalikosea hili?"

Ukawa ndio mchezo wao. Jioni binti anarudi na boksi, mama anauliza, "Lina nini hili?", na binti anakataa kusema. Hili linaona aibu. Hili limekula limevimbiwa. Hili ni la kwanza kufika kwenye sherehe, limekuta hakuna mtu. Miaka miwili ilikwenda hivyo, kisha mama akafariki, asubuhi moja ya kawaida, uji wake ukiwa bado mezani. Na hakuwa ameliona ua hata moja la kweli kutoka kule bandani. Hilo lilibaki kooni mwa Bi Kasoro, wala halikushuka.

Aliendelea kuchora kwa kuwa jioni hakujua afanye nini na mikono. Hakufundishwa na mtu. Rangi za kwanza zilikuwa zile za maji za watoto wa shule, zenye kibrashi kinachoacha nywele kwenye picha. Kwa mistari myembamba alitumia brashi ya rangi ya kucha ya wifi yake, na vita vilivyozuka hapo nisingependa kuvisimulia. Ilimchukua mwaka mzima kugundua kwamba kivuli cha ua jekundu si cheusi, na mwaka mwingine kugundua kwamba ukitia kijani kidogo ndani ya nyekundu, kivuli kinakubali. Mara ya kwanza kupata rangi za mafuta hakujua kwamba hukauka taratibu. Akaifunga picha kwa gazeti siku ya pili, na hadi leo kuna waridi moja lenye matangazo ya vifo kwenye petali. Alijifunza kwa njia hiyo, kwa kuharibu.

Sasa njoo kwa daktari wa meno. Bi Kasoro alikwenda kwake na jino lililomtesa wiki nzima, daktari akaling'oa vizuri hata hakusikia maumivu, naye kwa shukrani akampelekea picha ndogo, waridi lenye shingo iliyopinda. Daktari akaipokea, akashukuru, akaipeleka huko ndani. Baada ya mwezi akamwagiza nyingine, kubwa, ya kuweka mapokezi. "Lakini maua yasimame wima," alisema. "Wagonjwa wangu wana huzuni zao tayari." Bi Kasoro akachora shada zima, maua kumi na mawili yamesimama wima kama walinzi wa benki, hakuna hata moja lenye doa. Likapendwa. Mwenye saluni akataka kama lile, ofisi ya bima ikataka, hoteli ndogo ya jirani ikataka mawili. Wote walitaka yaliyonyooka. Akayachora, na mumewe akayapigia fremu. Yale yaliyopinda aliyachora kwa ajili yake mwenyewe, akayasukuma chini ya kitanda, pamoja na maboksi ya mama yaliyosalimika. Hakuna aliyeyauliza.

Siku moja simu ikalia akiwa anasuka nywele za wifi yake. Sauti ya mwanamke, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa mwenye ukumbi wa maonyesho ya picha, ule ulio juu ya duka la vitabu, ambao Bi Kasoro aliujua kwa kupita nje tu. "Nimeiona kazi yako kwa daktari wa meno," alisema. "Jumamosi asubuhi nakuja kwako kuangalia nyingine. Nikizipenda nakupa ukuta mzima kwenye maonyesho yajayo. Na tukielewana, dada yangu, utachora tu. Hiyo kazi nyingine utaiaga."

Alipokata simu hakurudi kusuka, na nusu ya kichwa cha wifi ikabaki haijasukwa. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwa baridi ya banda, na alijua, ingawa hakumwambia mtu, kwamba akikaa mezani pale miaka mingine mitatu hatashika brashi tena. Aliitaka nafasi ile kwa roho yote, kiasi cha kuona aibu.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wewe na mimi tusingelifanya. Ijumaa alikuwa na siku ya mapumziko. Mchana, nyumba ikiwa tupu, akatoa picha zote, za kabatini na za chini ya kitanda, akazirundika kwenye meza ya chakula, akaisogeza taa juu. Akaanza kuchambua. Moja baada ya nyingine, jicho lake la miaka kumi na sita likafanya kazi yake. Lililonyooka, kulia. Shingo imepinda, kushoto. Petali imechanika, kushoto. Alipomaliza alikuwa na picha kumi na nane kulia, safi, daraja la kwanza, na thelathini na moja kushoto. Akalitazama lile rundo la kushoto akapata wasiwasi: je, kesho mgeni akizikuta hizi zimechanganyika na nzuri? Jina lake si litaharibika?

Akachukua mkasi. Zilikuwa karatasi nene na maboksi, zilikatika bila ubishi. Alikata pale pale anapokata siku zote, chini kidogo ya ua. Hakusikitika wala hakufurahi. Mkono ulijua njia, nao ulikwenda.

Wifi aliporudi na mfuko wa nyuzi alimkuta kwenye ya mwisho. Akasimama mlangoni, macho yamemtoka.

"Wifi! Umeingiwa na nini?"

"Nachambua."

"Unachambua au unachinja?"

"Hizi zina kasoro, wifi. Nawe unaona."

Wifi akaweka mfuko wake chini. Aliokota vipande vilivyodondoka sakafuni, akavitia kwenye ndoo pamoja na vingine, na ndoo akaipeleka chumbani kwake. Bi Kasoro alidhani anaenda kuitupa.

Jumamosi mgeni akaja, mwanamke mwembamba, miwani yake inaning'inia kwa uzi kifuani. Picha kumi na nane zilikuwa zimepangwa kuzunguka sebule nzima. Akazipitia zote, hakuharakisha hata moja, na Bi Kasoro nyuma yake akijikaza kisabuni. Seremala alisimama pembeni amevaa shati la kutokea.

"Safi," mgeni akasema. "Una mkono mzuri." Akavua miwani. "Na zile nyingine?"

"Zipi, mama?"

"Kama ile ya kwa daktari."

"Si ndizo hizi? Kama lile shada la mapokezi."

"Mapokezi? Sikumbuki hata kilichokuwepo mapokezi. Nasema ile ndogo ya chumba cha ndani, mbele ya kiti. Nilikaa pale dakika arobaini, mdomo wazi, taya limekufa ganzi, sina pa kuangalia ila lile ua. Limepinda shingo kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Nilicheka, daktari nusura anitoboe ulimi. Hiyo ndiyo iliyonileta. Hizi," akazitazama zile safi kwa adabu, "hizi nimeziona kwenye kalenda nyingi."

Bi Kasoro akageuka kuitazama ile meza ya chakula. Seremala akawa anachunguza viatu vyake. Ni wifi aliyetoka kimya, akarudi na ndoo, akaiweka katikati ya sebule kwa kishindo, kana kwamba ameleta ushahidi.

Mgeni akapiga magoti. Akatoa kipande, akatafuta mwenzake, akavilaza sakafuni, ua huku, shina huku. Kisha kingine. Alipofika cha sita au cha saba akaacha kutafuta. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa na kasoro." Na aliposikia mwenyewe neno hilo likitoka mdomoni mwake, siku hiyo, mbele ya yale maua aliyokuwa akimletea mama yake, machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Yote yalikuwa pale sakafuni: lenye aibu, lililovimbiwa, lililowahi sherehe. Aliyakata vichwa yote kwa mkono wake.

Mgeni akalaza kipande alichokishika. Kisha akasema taratibu, "Tunaweza kuzitundika hivi hivi. Zilizokatwa. Niamini, watu watazipenda."

"Hapana."

"Fikiri kwanza, dada."

"Nimeshafikiri." Bi Kasoro akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Ua lilipinda lenyewe, na mimi nikalichora lilivyo. Huo mkasi ni ujinga wangu. Ujinga wangu siutundiki ukutani watu waje kuushangaa."

Mwenye ukumbi akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Basi miezi mitatu," akasema. "Niletee kumi na mbili mpya. Zilizonyooka baki nazo."

Miezi mitatu! Wa kwanza ulipotea wote. Kila jioni aliketi, akachora, na kila jioni mkono ulinyoosha shingo ya ua kwa siri. Akijilazimisha kupinda, linapinda kama waya, ua la mtu anayejifanya amenuna. Akachana. Akachana tena. Alimwambia mumewe kwamba atampigia simu yule mwanamke amwambie imeshindikana, asipotezewe muda. Seremala akasema, "Mimi fremu nimeshazikata. Kumi na mbili," akarudi kwenye randa yake. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya faraja.

Wifi alikuwa kwenye cherehani, akipiga pindo. Akasimamisha gurudumu. Akavuta droo ya cherehani, akachimba chini ya vifungo na zipu, akatoa kitu kimefungwa kwa kitambaa. "Hii ilikupita Ijumaa ile," akasema, "kwa kuwa si yako."

Lilikuwa boksi. Lile boksi la kwanza kabisa, kabichi yenyewe, wino umefifia.

"Umeipata wapi?"

"Kanipa mama yako. Wewe ulipokuwa kazini, ni nani aliyekuwa akimgeuza na kumwogesha? Tulikuwa tunazitandaza hapo kitandani, saa sita mchana, tunacheza. Ananiuliza, 'Lina nini hili?' Mimi namwambia lina njaa, anasema hapana, tazama vizuri. Hii akanipa siku moja. Akasema, chukua, limenuna kama wewe." Wifi akapenga kamasi kwa nguvu. "Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaiweka."

Bi Kasoro aliishika picha ile kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, kama alivyofanya mama. Ilichorwa vibaya, jamani, tusidanganyane. Shina kama mpini wa fagio, majani kama masikio ya punda. Lakini ua lilikuwa hai. Na akaona, kwa jicho lile lile la kutafuta ubaya, kitu ambacho miaka yote hakikumpitia akilini: hakuwa anamchorea mama kasoro. Alikuwa anamchorea ua alilokaa nalo. Lililonyooka hakuwahi kukaa nalo hata dakika moja, ndiyo maana hakuwa na la kusema juu yake.

Jumatatu, bandani, kila alipoinua ua bovu alikaa nalo pumzi tatu zaidi kabla ya mkasi. Msimamizi akamwuliza kama anaumwa. Akajibu hapana, naangalia tu. Na jioni akachora yale aliyoyaangalia. Akimaliza moja, anaigeuzia upande wa cherehani bila kusema neno. Wifi anaikodolea macho. "Hili linadeka," anasema. Au, "Hili limemwona mgoni wake." Siku aliyosema, "Hili sijui, ni zuri tu," picha hiyo ilirudi mezani.

Kumi na mbili zilipatikana, zikiwa zimebaki siku nne. Mwenye ukumbi aliomba pia lile boksi la kwanza, na mazungumzo hayo yakawa magumu kuliko yote, kwa kuwa wifi hakutaka. Mwishowe likatundikwa karibu na mlango, na chini yake kikaratasi: "Hii haiuzwi. Ni ya wifi." Siku ya kufungua, wifi alisimama mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho, amevaa gauni aliloshona mwenyewe, akieleza watu lina nini. Picha saba zilipata wenyewe siku ile, na nyingine baadaye. Yakafuata maonyesho mengine, na mwaka mmoja haukupita kabla mwenye ukumbi hajatimiza neno lake. Bi Kasoro akaandika barua ya kuacha kazi. Aliiandika mara nne, mwandiko ulimsumbua kuliko rangi.

Kule shambani wana desturi yao. Anayeondoka baada ya zaidi ya miaka kumi hupewa shada la mawaridi ishirini, daraja la kwanza, na barua ya kumpitisha getini. Ndiyo maua pekee yanayotoka kwa miguu. Siku yake ya mwisho wenzake walikusanyika, wakapiga makofi, msimamizi akamkabidhi shada. Bi Kasoro akalishika, akashukuru, akalirudisha.

"Naomba nibadilishiwe," akasema. "Nipeni moja tu. Kutoka kushoto. Lisikatwe."

Msimamizi alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akakuna kichwa, akasema hakuna fomu ya kitu kama hicho. Ila miaka kumi na saba ni miaka kumi na saba. Akachukua barua, akafuta "ishirini, daraja la kwanza", akaandika kwa mkono, "Ua moja. Lina kasoro. Apite nalo."

Getini, yule mlinzi mnene, sasa mvi zimejaa, aliisoma barua mara mbili. Akalitazama lile waridi, jekundu, shingo imepinda hadi ua linakaribia kugusa shina.

"Hili sasa ni ua," akasema, na akamfungulia geti lote, lile kubwa la magari.

Hakwenda nyumbani. Alipita moja kwa moja makaburini, na sare ya kazi mwilini, akatembea hadi penye kaburi la mama yake. Akang'oa majani mawili matatu yaliyoota. Akaliweka ua, likajilaza upande kwa kuwa halikuweza kusimama, naye akaliacha hivyo hivyo. Kisha akachuchumaa pale, vidole vyake vibovu kavikunja mapajani, akangoja, kama alivyokuwa akingoja pembeni ya kile kitanda cha dirishani.

"Sikwambii, mama," akasema. "Tafuta mwenyewe."